Kisima cha uchunguzi kinapotoa majibu ya ajabu: dalili na sababu zake kwenye jiwe la Unguja na udongo wa Pemba

Kisima cha uchunguzi hakichimbwi ili watu wanywe. Kinachimbwa pembeni ya tangi la mafuta, karakana, jaa au shimo la maji machafu ya kiwanda, ili ijulikane maji ya chini yana nini, yako kimo gani na yanaelekea wapi. Kisima cha nyumbani kikiharibika utajua, maana ndoo zitarudi tupu. Hiki kikiharibika kinaendelea kutoa maji kama kawaida, na maji yale yanasema uongo. Ripoti inaandikwa, inafika ZEMA (mamlaka ya mazingira ya Zanzibar), mwenye kiwanda anabanwa au anaachiwa, kumbe chanzo cha yote ni bomba la inchi 2 lililozibwa vibaya.

Kila dalili hapa chini iulizie swali moja: tatizo hili lilizaliwa lini? Wakati wa kutoboa, wakati wa kujenga (mchanga unaozunguka chujio, yaani sehemu ya bomba yenye mipasuko ya kuingizia maji; bentonaiti, udongo unaovimba na kuziba ukilowa; saruji), au wakati wa kusafisha? La kusafisha linatibika. La kutoboa linatibika mara nyingi. La kujenga halitibiki ila kwa nadra, na pesa nyingi zinapotea kwa watu kuukataa ukweli huo na kuendelea kupampu.

Kabla ya hayo yote, teremsha futi yenye uzito hadi chini ya kisima na linganisha kina na kile kilichoandikwa siku ya ujenzi. Ikiwa kina kimepungua, kuna kitu kimeingia. Ikiwa hakuna kumbukumbu ya siku ya ujenzi, hilo nalo ni tatizo, tena kubwa kuliko mengi yatakayofuata.

Maji hayatakati

Hili ndilo lalamiko la kwanza kila mahali. Mmesukasuka maji ndani ya bomba, mmepampu nusu siku, kipimo cha tope bado kinasoma NTU 200 na nyinyi mlitaka chini ya 10. Msiongeze kasi ya pampu. Jazeni chupa ya plastiki inayoonesha ndani, iwekeni kivulini usiku kucha, na asubuhi mtazame kilichotuama.

Ukikuta unga mweupe, maji yakiwa rangi ya maziwa, hilo ni vumbi la jiwe lililosagwa na nyundo ya mtambo. Mwaga maji ya juu, kamulia ndimu ule unga: ukitoa povu ni chokaa. Kwenye maweni, kwa mfano Fumba au ukanda wa mashariki mwa Unguja, ni jambo la kawaida na dawa yake ni kazi tu. Pistoni ya mpira ipande na kushuka ndani ya bomba, polepole mwanzo, kuanzia juu ya chujio na kuteremka mita kwa mita; kisha toa maji pamoja na tope; kisha rudia. Kupampu peke yake hakutoshi, kwa sababu maji yanavutwa upande mmoja na chembe zinashikana mlangoni mwa mpasuko wa chujio. Zinahitaji kusukumwa nyuma ndipo ziachiane. Wengi wanapenda kuflashi kwa kompresa kwa kuwa ni haraka. Sawa, lakini upepo wa kompresa isiyo na chujio la mafuta utakuachia mafuta ndani ya kisima ambacho kazi yake ni kutafuta mafuta.

Tope jekundu linahitaji fikra zaidi. Udongo mwekundu wa Unguja unakaa juu ya jiwe na unajaza nyufa na vipango vyake. Kama chujio kiko mita 12 chini na maji yanakuja mekundu, ama mtambo ulipita kwenye pango lililojaa udongo huo (kumbukumbu ya utoboaji itasema), ama maji yanateremka kutoka juu kupitia nje ya bomba. Namna ya kutofautisha: subiri mvua kubwa. Kimo cha maji kikiruka ndani ya dakika chache na wekundu ukiongezeka, kizibo cha bentonaiti hakipo, au kipo kwenye karatasi tu.

Ute wa kijivu unaoteleza vidoleni ni bentonaiti au saruji, tutaufikia. Weusi wenye harufu ya yai viza, hasa karibu na mikoko kama ile ya Maruhubi, mara nyingi ni tope la asili lisilopata hewa. Usimwandikie mtu kosa kwa harufu hiyo peke yake.

Na ukiona chembe za mchanga wenyewe wa chujio ndani ya ndoo, basi mipasuko ya chujio ni mipana kuliko mchanga, au kiungo cha bomba kimefunguka. Bomba lenye mipasuko ya milimita 0.25 linataka mchanga wa takribani milimita 0.4 hadi 0.8. La milimita 0.5 linataka wa 0.8 hadi 2. Kuna mazoea ya kununua bomba la kawaida dukani na kulichana kwa msumeno wa chuma. Mpasuko wa msumeno hauna kipimo, na baada ya hapo hakuna mchanga utakaoufaa. Mazoea mengine ni kubeba mchanga wa pwani kwa kuwa upo na hauulizwi bei. Una chumvi, una vipande vya kombe, na utapima chumvi yake wewe mwenyewe. Mchanga wa kwazi (quartz) uliooshwa unaagizwa, unapanda meli kutoka Dar, unachelewa, na bado ni rahisi kuliko kisima cha pili.

Kisha kuna tope ambalo kisima hakina hatia nalo. Pampu ya sampuli imewekwa karibu mno na chini, au inavuta kwa nguvu. Kwa kuchukua sampuli, nusu lita kwa dakika ndiyo mwisho. Kaa kati ya mililita 100 na 500, na kimo cha maji kisishuke zaidi ya sentimita 10 hivi. Hili si ushamba wa vitabu. Sampuli yenye tope ikipelekwa kupimwa jumla ya metali, asidi ya maabara inayeyusha tope lote, na ripoti inarudi na chuma, alumini na hata risasi iliyotoka kwenye udongo wala si kwenye maji.

Umetoa maji kiasi gani kweli?

Bomba la milimita 50 linabeba karibu lita 2 kwa kila mita ya maji. Ukiongeza maji yaliyo ndani ya mchanga unaolizunguka, kwenye tundu lililotobolewa la milimita 150, unafika kama lita 6 na nusu. Kwa hiyo kisima chenye mita 5 za maji kina lita 30 na zaidi, si 10. Na kama wakati wa kutoboa mlimwaga maji ya bomba la mjini, kiasi chote kile kitoke kwanza ndipo hesabu nyingine ianze. Maji yenye klorini yanaacha klorofomu, na mkemia ataiona.

Saruji inamezwa na jiwe, pH inapanda

Jiwe la matumbawe lina matundu, na mengine ni mapango kamili. Kati ya tundu la milimita 150 na bomba lenye upana wa nje wa milimita 60, kila mita inameza karibu lita 15 za rojo la saruji. Mita 4 ni lita 60. Mkifika lita 150 na rojo halijaonekana, simamisheni kazi hapo hapo. Linakwenda mahali, na mahali hapo panaweza kuwa ndani ya chujio chenu.

Nimeona vibarua wakiendelea kuchanganya mifuko kwa sababu msimamizi anataka kuona rojo juu kabla ya saa kumi. Rojo halikuonekana, na maji ya kisima yakawa makali kama ya chokaa ya kupakia ukuta.

Cha kufanya: acheni lililomwagika ligande. Pimeni kimo kwa futi. Jazeni sehemu ya pango kwa kokoto safi ndogo ndogo, mkipima kila mara, mpaka mpate sakafu. Juu yake wekeni vipande vya bentonaiti kidogo kidogo, tena kwa kupima, si kumimina ndoo nzima. Vipande vikimwagwa vyote kwa pamoja vinakwama njiani na kuacha uwazi chini yake. Ndipo rojo lishuke kupitia bomba jembamba linaloanzia chini na kupandishwa, kamwe lisimwagwe kutoka mdomoni mwa tundu.

Ikiwa mmeshachelewa, pH itawaambia. Maji ya jiwe letu huwa kati ya 7 na 8. Mkisoma 11 au 12, saruji imegusa chujio. Pampuni mpaka ishuke, kisha msiguse kisima kwa wiki nzima, mpime tena. Ikibaki chini, kilikuwa kiasi kidogo kilichodondoka wakati wa kazi, na mmesalimika. Ikirudi juu, saruji imo ndani ya mchanga, na itaendelea kubadilisha metali na kila kitu kinachotegemea pH kwa muda mrefu. Hicho kifungeni.

Sababu huwa ni kizibo cha bentonaiti kilichokuwa chembamba (chini ya sentimita 60), au ambacho hakikupewa saa za kuvimba. Hapa pwani kuna jambo jingine: bentonaiti inavimba vibaya ndani ya maji ya chumvi. Kama maji ya tundu yana chumvi, ongezeni unene na subira. Na kizibo kikikaa juu ya kimo cha maji hakitavimba kwa dua. Kinamwagiwa maji baridi safi, tabaka kwa tabaka.

Usianze kusukasuka kisima kabla ya saa 24 tangu saruji iwekwe. Unavuta rojo bichi kwa mkono wako.

Kimo cha maji kinacheza na mwelekeo unageuka

Hapa ndipo ripoti nyingi za pwani ya magharibi zinapoharibika. Bamvua la Zanzibar linapandisha na kushusha bahari karibu mita 4, na jiwe lenye nyufa linaupitisha mpwito ule hadi ndani. Kisima kilicho mita 50 kutoka ufukweni kinaweza kupanda na kushuka makumi ya sentimita, kilicho ndani zaidi kikacheza kidogo na kikachelewa saa kadhaa.

Sasa chukua visima vitatu, tofauti ya kweli ya vimo vyao ni sentimita 5. Fundi anapima cha kwanza saa tatu asubuhi, anakunywa chai, anapima cha mwisho saa sita. Ndani ya muda huo kisima cha pwani kimeshuka sentimita 20. Ramani inayotoka inaonesha maji yanakimbia kutoka baharini kuelekea kiwandani, au kinyume chake kwa nguvu isiyokuwepo. Mwezi unaofuata, mishale imegeuka, na mtu anaandika kwamba mtiririko ni "wa msimu".

Kwanza tafuta nani anayekichezesha. Weka kirekodi kinachosoma kila dakika 15 kwa siku nne au tano. Mpando ukija kila baada ya saa 12 na dakika 25, na kila siku ukachelewa kama dakika 50, huo ni mwezi wa angani unaovuta bahari. Ukija saa zile zile za saa ya ukutani, huo ni mtu: pampu ya jirani, hoteli, kiwanda chenyewe, au kisima cha ZAWA (mamlaka ya maji ya Zanzibar) kinachowashwa kwa ratiba. Tofauti ikiwa moja isiyobadilika, sentimita 12 leo na sentimita 12 mwakani, usitafute maji. Aliyepima urefu wa mdomo wa bomba alikosea, au watu wawili wanapima kutoka pande mbili za mdomo uliokatwa mshazari. Tia alama upande wa kaskazini wa bomba, kila mtu apimie hapo.

Ikithibitika ni bahari, pata wastani wa vipimo 71 vya kila saa mfululizo vilivyochujwa kama inavyotakiwa, uondoe mpwito. Asiye na virekodi vya kutosha apime visima vyote ndani ya muda mfupi kabisa, aandike saa na hali ya maji (kujaa, kupwa, bamvua au maji mafu), na arudie katika hali nyingine kabla ya kuchora mshale wowote.

Mara chache mkosaji ni kifuniko. Ukifungua ukasikia hewa ikivuta au ikitoka, bomba halina kitundu cha kupumulia. Subiri kimo kitulie ndipo upime, na toboa kitundu hicho juu.

Chumvi

Maji baridi ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake, lakini huko chini mpaka si mstari, ni mchanganyiko. Kimo kikiwa sentimita 30 tu, hesabu inakupa mita 12, na ukweli unakupa pungufu. Mtu anayeagiza "mita 30 zote zitobolewe, tuwe salama" ameshatoboa hadi chumvini na kuunganisha tabaka mbili ambazo zilikuwa zimetengana.

Angalia mwendo wa kipimo cha upitishaji umeme wakati wa kupampu. Kikianza juu na kushuka, chumvi ni ya mchanga wa chujio au ya maji ya kutobolea. Kikianza chini na kupanda kadiri unavyovuta, unainyanyua chumvi kutoka chini. Punguza kasi, na kisima kijacho kiwe kifupi. Kikiwa juu tangu mwanzo hadi mwisho na kinakaribia mikrosiemens 50,000 kwa sentimita, unapima bahari.

Ardhi inanuka dizeli, kisima kinasema safi

Petroli na dizeli huelea. Kama chujio chote kimezama chini ya kimo cha maji, mafuta yanabaki nje ya bomba, juu ya mlango, na sampuli inatoka safi. Kosa hili linatokea kirahisi kwa kisima kilichochimbwa kiangazi, chujio kikawekwa kwa kipimo cha siku ile, masika yakaja na kimo kikapanda juu yake. Chujio cha mita 3 kinachokusudiwa kunasa mafuta kinapaswa kukatisha kimo cha maji, kikiacha nafasi juu kwa ajili ya masika na kwa ajili ya bamvua. Hakuna usafishaji unaoweza kukihamisha chujio.

Na mafuta yakiingia, usisome unene wake kama unene ulioko ardhini. Ndani ya bomba huonekana mengi zaidi. Uzito wake pia unayakandamiza maji. Mita 1 ya dizeli inashusha uso wa maji kwa karibu sentimita 84, kwa hiyo kimo lazima kirekebishwe kabla hakijaingia kwenye ramani.

Kinyume chake pia kipo: kemikali ambazo kiwanda hakijawahi kuzitumia. Asetoni au tetrahaidrofurani kwenye kisima kipya karibu kila mara ni gundi ya mabomba. Mafundi wetu wa maji hawaamini kiungo kisichopakwa gundi, ndiyo maana bomba la kazi hii linanunuliwa lenye nyuzi za kukazwa kwa mkono. Petroli hafifu kwenye kila sampuli, hata ya maji safi ya kulinganishia, ni jenereta iliyowekwa upande unaotoka upepo. Kaskazi na kusi havibahatishwi, isogeze.

Kisima kizito, maji hayarudi

Hii ni kesi ya udongo wa mfinyanzi, nayo inakutana na watu zaidi kwenye vilima vya Pemba kuliko kwenye maweni. Keekee ya udongo inapaka kuta za tundu na kuzifunga. Hapa kusukasuka kwa nguvu ni kosa: unauvuta mfinyanzi uingie kwenye mchanga. Kwangua kuta kwa brashi kabla ya kuweka bomba, safisha kwa kutoa maji taratibu kwa ndoo nyembamba inayoingia ndani ya bomba, acha yarudi, toa tena, siku baada ya siku. Kisima kinachorudi kwa saa 20 ni kisima halali. Kinachorudi kwa saa 20 leo na saa 60 mwezi ujao kinaziba.

Juu ya ardhi

Zege linalozunguka bomba limwage maji nje. Kisanduku cha kulinda mdomo wa bomba kilicho usawa wa ardhi kwenye njia ya malori kitajaa maji ya mvua yenye mafuta ya barabara, na mpira wa kifuniko ukiwa umekufa maji hayo yataingia. Kufuli za bei rahisi hazimalizi msimu kwa hewa ya chumvi. Nunua za shaba. Na kisima kilicho nje ya uzio, mjulishe sheha na majirani ni cha nini, la sivyo mtu atateremsha ndoo.

Kukifunga kilichoshindikana

Kisima ulichokikatia tamaa kisiachwe wazi, maana ni njia ya moja kwa moja ya kuteremsha uchafu. Kisifukiwe kwa kifusi pia. Ng'oa bomba ikiwezekana, jaza rojo la saruji lenye bentonaiti kidogo kupitia bomba jembamba kuanzia chini, rudi kesho yake ujazie palipoteremka, na andika mahali, kina na tarehe. Kipya kichimbwe hatua kadhaa kutoka hapo, upande ambao maji yanatoka, ili saruji ya cha zamani isikifuate. Kikishasafishwa, kipumzishwe wiki 1 hadi 2 kabla ya sampuli ya kwanza, hata kama mwenye kiwanda anapiga simu kila siku.